Kochi la Mama Mkwe

Jumanne, 2 Mei

Mvua imeanza leo mchana, na umeme ukakata shauri kuondoka. Cherehani yangu imenyamaza na suruali ya mteja bado ina mguu mmoja. Nilikuwa nakaripia kila anayepita, mpaka binti yangu mkubwa akaniwekea mezani daftari lake la zamani. "Mama, gombeza humu," akasema. Haya, nagombeza humu.

Sikukuu ni mwezi ujao. Tangu niolewe katika nyumba hii, sikukuu yetu inakwenda vilevile. Mama mkwe wangu, ambaye moyoni namwita Jenerali na mdomoni namwita Mama, anaamka kabla ya jogoo, anafunga kitambaa kichwani, na vita vinaanza. Wanaume wanakula kwanza, sebuleni. Watoto wanafuata. Sisi wanawake tunakula tumesimama, kijiko kwa kijiko, kila mtu akiulizwa mwiko uko wapi. Mwaka jana wifi yangu alilia juu ya beseni la vyombo. Mapacha wangu walipewa wali uliopoa, wakaugomea. Mume wangu alisinzia na viatu miguuni. Asubuhi kwenye ibada tulikuwa tumehubiriwa juu ya furaha, na nadhani hiyo furaha ilikuja kututafuta ikapotea njia.

Mwaka huu Mama amesema magoti yanamsumbua, sikukuu niiongoze mimi. Nimepokea kwa mikono miwili. Nataka siku ambayo kila mtu wa nyumba hii ataifurahia, mdogo kwa mkubwa. Ikinishinda, mwakani tutarudi kulekule, na binti yangu ataingia kwake akiamini kwamba sikukuu ni adhabu.

Ijumaa, 5 Mei

Mvua. Mteja wa gauni la kijani karudi. Kanenepa, na kosa ni langu.

Jumapili, 7 Mei

Leo tumefanya kikao. Nilisema kila mtu ataje kitu kimoja tu kitakachomfurahisha siku ya sikukuu.

"Kula na wakubwa," wakasema mapacha kwa pamoja. "Chakula kikiwa moto."

Binti: "Nisioshe vyombo peke yangu huku hawa wawili wanacheza mpira."

Mume wangu, ambaye siku sita za wiki amejiinamia ndani ya mafriji ya watu, akafikiri sana. "Nisitumwe," akasema. Tukacheka, lakini tumemkubalia. Kila sikukuu hutumwa dukani mpaka mwenye duka anamhurumia.

Wifi hakuja, mvua imemzuia. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo nilitaka kumpa zamu ya vyombo, lakini baadaye alipiga simu akataja lake: asiulizwe ataolewa lini. Yeyote atakayemuuliza aoshe sufuria kubwa. Limepita.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Nikamuuliza naye.

"Mimi nitake nini?" akasema. "Mambo ya kutaka ni ya watoto."

Basi nikamtakia mimi. Nikatangaza mbele ya wote kwamba mwaka huu Mama hatagusa hata kijiko. Atapumzika. Mume wangu akanitazama. "Una hakika?"

"Mimi sina," nikasema. "Magoti yake ndiyo yana hakika."

Jumanne, 9 Mei

Kwenye banda la nyuma, katikati ya mafriji mabovu ya mume wangu, kuna kochi la mtu mmoja. Sponji imeliwa na panya lakini mbao zake ni nzima kabisa. Nikapata wazo: nitalivalisha upya, liwe la Mama. Nina mahameli nyekundu niliyoiweka nikingoja kazi inayostahili.

Jumamosi, 13 Mei

Kushona kochi si kushona gauni. Gauni likikataa unamlaumu mteja. Nimejichoma kidole, nimevunja sindano, nimemtukana aliyebuni pembe za makochi, yeyote yule. Mapacha wamelijaribu kwa kulirukia. Limewastahimili, na tena ni zuri. Mgongo una vifungo kama vya ofisi ya mkubwa. Kusema kweli, najisikia vizuri. Naona sura ya Mama atakapoliona, naona na wifi akisema, kweli kaka yangu alioa mke.

Jumanne, 16 Mei

Tumempa Mama kochi. Tuliliweka sebuleni karibu na dirisha, tukamwita, mapacha wakampigia makofi.

Mama akalitazama. Akapitisha kiganja juu ya mahameli, mara moja kwenda, mara moja kurudi.

"Mmejisumbua," akasema.

"Kaa basi, Mama!"

Akakaa ukingoni, mgongo wima, mikono magotini, namna mtu anavyokaa akingoja kuitwa na daktari. Halafu akasema anakwenda kuanua nguo. Nguo gani, na mvua hii?

Asante haikutoka. Nimemwambia mume wangu kwamba mama yake hana shukrani. Akasema, "Mpe muda." Muda! Mimi nimetoa mahameli.

Ijumaa, 19 Mei

Jenerali yuko kimya. Leo nilikuwa jikoni na binti tukijaribu mchuzi wa sikukuu, Mama akaja akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mama, rudi ukapumzike." Akarudi. Baada ya kitambo nikageuka, yuko palepale. "Mama, jamani, pumzika!" Binti akanikanyaga mguu. Sikumwelewa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nangoja mshindo.

Jumatatu, 22 Mei

Mvua, na mvua tena. Wateja wote wamekumbuka siku moja kwamba sikukuu ipo.

Mama sasa hutoka kila alasiri na mwavuli wake mweusi, hurudi jioni. Mume wangu anasema amekwenda kwenye ibada, sikukuu ikikaribia mtu mzima humkumbuka Mungu wake. Nami nikaona afadhali, jikoni kuna nafasi. Kochi limekaliwa na mikoba ya shule.

Alhamisi, 25 Mei

Leo siandiki kwa sababu ya umeme. Umeme upo. Naandika kwa sababu nina hasira, na nina kitu kingine chini ya hasira.

Alasiri mvua ilipiga hasa, ile ya kuficha nyumba ya jirani. Nikakumbuka Mama ametoka na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Nikachukua koti la mvua nikamfuata. Nyumba ya ibada ilikuwa imefungwa. Mlinzi akatoa kichwa dirishani: "Mama mkwe wako? Tangu Jumapili sijamwona hapa."

Mama mzee, magoti mabovu, mitaro imejaa maji. Nikatembea mtaa wote nikichungulia chini ya kila baraza, maji yakiingia viatuni, na yote niliyowahi kumsema humu ndani ya daftari yakinirudia moja moja.

Nilipofika nyumba ya Fundi Saa nikasikia kicheko. Fundi Saa ni jirani yetu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Mkewe alifariki mwaka jana akamwachia binti wa miaka saba na jiko asilolijua. Kicheko kilikuwa cha mwanamke, kinene, kinatoka tumboni. Sikukijua. Nikasogea mlangoni.

Alikuwa Mama. Amekaa kwenye kigoda, kitambaa kichwani, unga mpaka kwenye viwiko. Fundi Saa amesimama mbele ya jiko na mwiko, jasho linamtoka. Mtoto amekaa miguuni pa Mama anachambua mchele.

"Usiukoroge, baba!" Mama anamwambia. "Huo ni wali, si saa. Ukishaufunika uache, hauna skrubu za kufunguafungua."

Na akacheka tena. Miaka yote nimekaa naye nyumba moja, kicheko hicho hakuwahi kukicheka na mimi wala kwa ajili yangu. Niliona wivu. Nauandika kwa jina lake, wivu, tena mkubwa.

Fundi Saa akaniona. "Karibu, fundi mwenzangu! Mama ananifundisha. Huyu mtoto aliniuliza nani atatupikia sikukuu, nikakosa jibu, ndipo nikamwendea."

"Mama, tumekutafuta," nikasema. Sauti ilinitoka vibaya.

"Nimepatikana," akasema Mama. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Akajipangusa unga taratibu. "Na nilikuwa nikwambie. Siku ya sikukuu nitakuwa hapa. Kwenu kuna mikono ya kutosha."

"Kwetu, Mama? Si kwako?"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hata mgeni si mgeni, nimenyang'anywa jembe nikapewa kochi."

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Upande wangu ulikuwa na zile mbavu zilizovunjika.

Jumamosi, 27 Mei

Wifi amekuja. Hakukaa, hata maji hakunywa.

"Wifi, umemfukuza mama yangu."

"Nimemfukuza? Nimemshonea kochi la mahameli!"

"Kwani aliomba kochi? Mama yangu ataila sikukuu kwa watu, na mtaa mzima utajua. Watu watasema nini?"

Mume wangu alikuwa amekaa katikati yetu na bisibisi mkononi, akitamani asingekuwepo. Nikamgeukia: "Sema kitu!" Akasema kitu. Akasema, "Mke wangu hakuwa na nia mbaya." Wifi akasema nia njema haivaliki. Nikamjibu neno ambalo sitaliandika, kwa sababu daftari ni la mtoto.

Wifi alipoondoka nilikwenda bandani nikakaa kati ya mafriji, nikalia. Nimetaka kila mtu afurahi, na sasa mkubwa wa nyumba anaihama nyumba siku yenyewe. Hata nipike nini, sikukuu bila Mama ndani ni chakula cha mchana tu.

Jumatatu, 29 Mei

Zipu. Mikunjo. Vifungo. Gauni la kijani limerudi tena. Sasa kapungua.

Jumatano, 31 Mei

Leo nilimfuata Mama chumbani kwake baada ya ibada ya asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa na uongo mzuri. Nikasema, "Mama, nimekwama. Mchuzi wangu haufikii wako hata kidogo. Bila wewe jikoni tutaaibika."

Mama alikuwa anakunja kanga zake. Hakuinua macho. "Mchuzi wako unaupita wangu," akasema. "Siku nyingi tu. Usinidanganye, mwanangu, hujui. Ukidanganya sauti yako inakuwa ya kuuza nguo."

Kwanza nimekamatwa, pili nimesifiwa, na sikujua nishike lipi. Basi nikasema kweli.

"Haya, Mama. Jikoni sikuhitaji. Nakutaka uwe nasi tukila. Tangu niingie nyumba hii sijakuona hata sikukuu moja umekaa ukala. Hata moja. Nilidhani nikikuondolea kazi, utakaa."

Mama akaacha kukunja. Akaketi kitandani.

"Nikikaa," akasema, "mikono niiweke wapi?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Haukuwa utani.

"Wenzangu wakikaa wana mazungumzo," akasema. "Mimi maneno yangu yote ni lete maji, punguza moto, nani kachukua mwiko. Ndiyo ninayoyajua. Lile kochi nililikalia siku moja, mkiwa jikoni. Mlikuwa mnacheka, wewe na mjukuu wangu. Nikajiona kama picha ya marehemu, imetundikwa sebuleni, inapanguswa vumbi. Kule kwa fundi nakaa kwenye kigoda, napika, na maneno yanakuja yenyewe. Mikono yangu ikisimama, na mdomo unasimama. Sasa nimekwambia. Usiende kumwambia mtu."

Siendi kumwambia mtu. Naliambia daftari.

Nilimtazama yule Jenerali wangu. Nimemwogopa miaka yote hii nikidhani anatudharau, kumbe ana haya. Ana haya ya kukaa na watoto wake mwenyewe! Nilimwonea huruma, na hapohapo nilifurahi kuliko siku yoyote ya mvua hii, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza ameniambia jambo lake.

"Basi kama wewe huwezi kuja mezani," nikasema, "meza itakuja jikoni."

"Na fundi? Nimemwahidi mtoto."

"Aje na sufuria lake."

Mama akafikiri. "Wanaume kula jikoni," akasema. "Babu yao angekufa mara ya pili." Lakini alisema huku ameficha mdomo kwa kanga.

Alhamisi, 1 Juni

Mume wangu ametangaza kwamba meza ya sebuleni itaingia jikoni. "Nimepima," akasema. Alipima meza. Mlango hakuupima.

Wameisukuma kwa ubavu, kwa miguu, kwa kichwa. Imekwama nusu ndani nusu nje, na mapacha wameifanya handaki. Wakang'oa mlango wa jikoni na bawaba zote, bado. Meza imerudi sebuleni na mkwaruzo. Mume wangu akabaki ameshika mlango, hajui autue wapi.

"Baba," akasema binti, "na huo ulioshika si meza?"

Tukatazamana. Akaenda bandani akaleta mafriji mawili madogo yaliyokufa, akayalaza chini, mlango juu yake. Nimepigilia kitambaa pembeni kisiteleze. Kitasa kimebaki katikati, tumekubaliana ni pa kuwekea chumvi. Kochi nimelihamishia kwenye chumba changu cha kushonea, wateja wakalie. Wa gauni la kijani amelipenda mno, nahofia hataondoka.

Nimempigia wifi kumweleza. "Jikoni wote?" akasema. "Nakuja na sahani zangu." Yale ya Jumamosi hatukuyagusa, na sioni haja.

Jumapili, 4 Juni

Jana ilikuwa sikukuu. Naandika leo kwa sababu jana sikuwa na nafasi wala sikutaka kuondoka pale nilipokuwa.

Asubuhi tulikwenda ibada wote, viatu mkononi, mitaro ikiwa imefurika. Tuliporudi Mama akafunga kitambaa chake. Lakini hakwenda kwenye jiko. Alivuta kigoda akakiweka kati ya jiko na mlango wetu uliolala, akaketi, akaanza kumenya viazi na kutoa amri kwa watu wote kwa usawa. Mume wangu hakutumwa dukani, alikatishwa vitunguu, na alilia kuliko mfiwa. Mapacha walipepea moto. Kila kilichoiva kilitoka jikoni kikatua mezani palepale, hatua moja, moshi wake juu yake. Nyama, tukala. Tukangoja viazi, tukala. Katikati watu wanaongea, wanagombana, wanasimama kukoroga, wanakaa. Jiko letu ni dogo, ukitaka kuinua kiwiko unaomba ruhusa kwa jirani. Hakuna aliyelalamika.

Fundi Saa alifika na binti yake na sufuria amelifunga kwa shuka kama mtoto mchanga. Mume wangu akaomba dua fupi, fupi kuliko zote alizowahi kuomba, maana wali unapoa. Kisha Fundi Saa akafungua. Ulikuwa umeungua chini kidogo, juu mweupe, umechambuka. Akampakulia Mama kwanza.

Hapo ndipo niliiona mikono ya Mama. Sahani iko mbele yake, viazi vimekwisha, na mikono imelala mapajani, haijui pa kwenda. Sisi wote tukanyamaza, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote. Yule mtoto wa Fundi Saa akachukua kijiko akakitia mkononi mwa Mama. "Bibi, kula. Baba hajalala kwa ajili ya huu wali."

Mama akala. Fundi Saa alikuwa amejikunyata kama anangoja majibu ya mtihani.

"Haukukorogwa," akasema Mama. Fundi Saa akapumua, wote tukacheka, na kelele zikarudi.

Mama akamgeukia wifi. "Na wewe, huyu fundi unamwonaje? Au mpaka nife ndiyo utaolewa?"

"SUFURIA!" mapacha wakaruka. "Bibi kauliza! Bibi anaosha sufuria kubwa!" Wifi alifunika uso, Fundi Saa alitazama dari letu linalovuja kana kwamba ni saa ya thamani. Mama, mkosaji, akaanza kuinuka kwa furaha kabisa aende kwenye beseni. "Kaa!" tukampigia kelele sote. Mume wangu akaenda kumlipia adhabu.

"Huyo hata kuosha hajui," Mama akasema akimtazama mwanawe kwenye beseni. "Alipokuwa na miaka sita nilimtuma aoshe sufuria mtoni, akarudi amekaa ndani yake."

"Ndani ya nini, Bibi?" wakauliza mapacha.

"Ndani ya sufuria! Maji yanampeleka, anapunga mkono. Mimi niko ukingoni napiga kelele, yeye ananiambia mama, kwaheri..."

Mume wangu akapinga kutoka kwenye beseni, akasema alikuwa na miaka mitano na alikuwa ameshika jani la ukingoni. Mama akasema jani lipi, akainama mbele, mkono mmoja ukionesha mto ulivyopinda. Binti yangu alikuwa ameacha kutafuna. Nimeishi na mume huyu miaka yote na hadithi hiyo sikuwa nimeisikia.

Na katikati ya mto, sufuria likizama, bila kukatisha neno wala kunitazama, Mama akaninyooshea sahani yake tupu.

"Niongeze," akasema.

Nikamwongeza.